Kumpokea na Kumkabidhi Mtoto: Ujuzi na Wajibu wa Mlezi wa Kituo cha Mchana

Anayeomba kazi ya ulezi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, awe Ngarenaro au Kijenge hapa Arusha, au Majengo na Pasua kule Moshi, huulizwa kwanza kama anapenda watoto. Swali hilo ni jema, ila jibu lake halitoshi kumpa mtu kazi. Mama anayemwacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu saa kumi na mbili asubuhi ili awahi soko la Kilombero, akarudi kumchukua saa kumi na moja jioni, amemwachia mlezi karibu muda wote ambao mtoto huyo yuko macho. Kwa hiyo ujuzi ninaouweka mbele ya mwingine wote ni wa kupokea na kukabidhi, yaani kujua mtoto amefika katika hali gani, kuifuatilia hali hiyo kutwa nzima, na kumrudisha kwa wenyewe pamoja na maelezo ya kweli.

Kazi hii ina sheria na mwongozo wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo msingi, na anayetaka kufungua kituo aanze kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake, liwe Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, kabla hajapokea mtoto hata mmoja. Desemba 2021 Serikali ilizindua programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8 na kusimama juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mlezi anayezijua nguzo hizo anaweza kujipima kila siku ni ipi ameitimiza na ipi ameiacha.

Asubuhi mlangoni

Mtoto apokelewe na mtu mmoja anayejulikana, naye achuchumae ili macho yake yalingane na ya mtoto, amwamkie kwa jina, kisha amtazame. Macho yanang'aa au yamelegea? Pua inatoka nini? Shingo ina joto? Ngozi ya mikono na miguu ina upele au alama mpya? Haya yote huchukua chini ya dakika moja kwa aliyezoea, na yafanyike mzazi akiwa bado amesimama hapo. Alama ikionekana mlangoni, mzazi ataieleza. Ikionekana saa nne, hakuna ajuaye imetoka nyumbani au kituoni.

Baada ya hapo mlezi aulize, na aulize hadi apate jibu lenye maana. Mfano ni huu:

"Mama, mtoto amelalaje?"
"Alichemka kidogo usiku, nikampa dawa."
"Pole. Dawa gani, na ulimpa saa ngapi?"
"Parasetamo ya maji. Saa kumi na moja alfajiri."
"Kiasi gani?"

Mlezi asiyeuliza maswali mawili ya mwisho anaweza kumpa mtoto dawa ileile saa moja na nusu asubuhi kwa nia njema kabisa, wakati dozi mbili za parasetamo zinatakiwa kupishana angalau saa nne, na zisizidi nne kwa siku nzima. Majibu yaandikwe kwenye daftari palepale, pamoja na saa ya mwisho mtoto alipokula, jinsi alivyopata choo, na jina la atakayekuja kumchukua. Jina hilo lina uzito. Mtoto hapewi dereva wa bodaboda, jirani wala mjomba ambaye hayumo katika orodha iliyosainiwa na mzazi, hata mtoto mwenyewe akimkimbilia kwa furaha. Mlezi apige simu kwanza, na anayesubiri avumilie.

Kutazama, kuzungumza na kuamua ugomvi

Mtoto hujifunza lugha kwa kuzungumzishwa, na nafasi bora za kumzungumzisha zimo ndani ya kazi zilezile zinazochosha: kumbadilisha nepi, kumnawisha, kumlisha. Mlezi amweleze anachofanya, asubiri mtoto aitikie kwa sauti au kwa macho, kisha amjibu. Mtoto anayekuja kutoka nyumba inayozungumza Kimaasai, Kimeru au Kichagga asikemewe kwa kutumia lugha ya nyumbani; inafaa zaidi mlezi amwombe mama maneno machache, kama ya maji, chakula, choo na maumivu, ayaandike na kuyatumia mpaka Kiswahili kitakapokaa.

Kutazama kunahitaji pia kujua umri wa mambo. Watoto wengi wenye afya huwa wameanza kutembea wenyewe kufikia miezi 18, hivyo aliyevuka umri huo bila kutembea anastahili kuonwa na mtaalamu, kama anavyostahili yule asiyegeuka anapoitwa kutoka nyuma. Mlezi hana kazi ya kutaja ugonjwa. Kazi yake ni kumwita mzazi pembeni, kumweleza alichokiona na siku alizokiona, na kumshauri aende kliniki na kadi ya mtoto. Mkoa wa Arusha una bahati ya kuwa na Chuo cha Ualimu cha Elimu Maalumu Patandi, kule Tengeru, ambacho huandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, na kituo kinachompokea mtoto wa namna hiyo kitafute ushauri wa watu wenye mafunzo hayo mapema.

Ugomvi hautakosekana, na kung'atana ndiko kunakowapa walezi wageni taabu kubwa. Mtoto wa miaka miwili akimng'ata mwenzake kwa sababu ya kikombe, mlezi aingie kati bila kupiga kelele, amhudumie kwanza aliyeng'atwa, aoshe mahali palipoumia kwa maji na sabuni, kisha amgeukie aliyeng'ata na kumwambia kwa maneno machache: "Kung'ata kunaumiza. Ukitaka kikombe, sema naomba." Asimchape, na asimng'ate "ili aone uchungu wake", mazoea ambayo bado yapo na hayana nafasi katika kazi hii. Mtoto wa umri huo ana hasira kubwa kuliko maneno aliyonayo, na mlezi ndiye wa kumpa hayo maneno. Tukio liandikwe, wazazi wa pande zote mbili waelezwe, ila mzazi wa aliyeumia asitajiwe jina la aliyeng'ata, maana wazazi hao watakutana sokoni na katika daladala.

Maji, moto na usingizi

Ukanda wa Mlima Meru una jambo ambalo mlezi aliyesomea mbali huenda asilifahamu. Vyanzo vingi vya maji vya Arusha na Meru vina floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia tunayoyaona kwa wenyeji wengi. Meno ya ukubwani hujijenga ndani ya fizi katika miaka ya mwanzo ya maisha, kwa hiyo athari huingia katika umri huuhuu wa watoto walioko kituoni, ingawa itaonekana baadaye. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Mwenye kituo aulize maji yake yanatoka chanzo gani na yamepimwa kiasi gani, na ikiwa kiwango kiko juu, atafute chanzo kingine cha maji ya kunywa na kupikia uji, au chujio la mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi.

Hatari ya pili huja na baridi ya Juni na Julai. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba walicholala watoto, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu bila moshi, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu akiwa usingizini. Wavishwe soksi na sweta. Mtoto mchanga alazwe chali, bila mto wala blanketi zito karibu na uso.

Kwa chakula niseme machache: karanga nzima na vipande vigumu vya karoti wasipewe watoto wadogo, asali isipewe aliye chini ya mwaka mmoja, na mtoto asilishwe akiwa amelala. Kila mlezi afundishwe kwa vitendo namna ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa, kwani maneno ya kwenye karatasi hayatamsaidia siku hiyo. Aliye chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi juu ya mkono wa mlezi, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni mara tano kati ya mabega, na kitu kisipotoka hugeuzwa na kukandamizwa kifuani kwa vidole viwili mara tano.

Jioni, na siku ambayo kuna jambo zito

Jioni mlezi asome daftari kwa mzazi: amekula nini na kiasi gani, amelala saa ngapi, amejikwaa wapi, amefurahia nini. Mkwaruzo mdogo utajwe kabla mzazi hajauona, kwa sababu mzazi aliyeugundua mwenyewe akifika nyumbani hatayaamini tena maelezo mengine. Habari za mtoto mmoja hazisimuliwi kwa mzazi wa mwingine, na picha za watoto haziwekwi mtandaoni bila ruhusa ya maandishi.

Wakati mwingine daftari huonyesha kitu kingine: michubuko inayorudi mahali palepale, mtoto anayeogopa kuvuliwa nguo, au neno alilolisema akichezea udongo. Mlezi asimhoji mtoto kama polisi wala asimwahidi siri. Amsikilize, ayaandike maneno yake kama alivyoyatamka, na amwarifu msimamizi siku hiyohiyo. Sheria ya Mtoto inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Mlezi anaweza pia kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kupiga namba 116, ambayo hailipiwi. Ikiwa msimamizi atataka jambo limalizwe kifamilia, mlezi atoe taarifa mwenyewe, aandike tarehe na jina la ofisa aliyeipokea, na arudi kuuliza imefikia wapi.