SOMO: Namna ya kuchagua kisu chepesi cha kukunja kwa mkazi wa Mtwara au Lindi

Ndugu wanachama, salaam. Somo hili linahusu kisu kidogo cha kukunja ambacho mtu hutembea nacho kila siku, kile cha kukatia kamba ya gunia, kumenyea chungwa, kufungulia boksi la bidhaa na kuchongea penseli ya mtoto. Halihusu kisu cha kuchinjia wala panga, na mwenye haja ya madafu aendelee na panga lake. Msimamo wangu nautaja mapema ili kila mmoja aupime njiani: kwa sisi tunaokaa kati ya Kilwa na Msimbati, kisu kinachostahimili chumvi na kisichokuelemea mfukoni ni bora kuliko kisu chenye makali ya kutisha ambacho kitashika kutu kabla msimu wa korosho haujaisha.

Hatua ya kwanza: zitazame kazi zako kabla hujakitazama kisu

Kwa siku chache zingatia kila mara unapotafuta kitu cha kukatia, kisha ujiulize kilichokatwa kilikuwa na unene gani. Karani wa ghala la korosho hukata nyuzi za katani zilizoshona mdomo wa gunia. Mwalimu hukata karatasi na tunda. Mwenye duka hukata gundi ya maboksi kutwa nzima. Kazi hizi zote humalizwa na bapa lenye urefu wa sentimita 5 hadi 8, na anayeng'ang'ania sentimita 10 mara nyingi anataka kuonekana nacho, jambo ambalo kwa kisu si sifa njema.

Bapa jembamba hukata vizuri kuliko nene. Milimita 2 mgongoni zinatosha kabisa kwa kazi nilizozitaja. Bapa la milimita 4 huligawanya embe kama kabari, nusu likikata na nusu likipasua.

Hatua ya pili: pima uzito kwenye nguo unayoivaa

Suruali nzito ya jinzi hubeba kisu cha gramu 120 bila kulalamika. Kanzu haibebi: mfuko wake wa pembeni huvutwa chini, kisu hugonga paja kila hatua, na ifikapo Ijumaa ya pili kisu kinabaki nyumbani. Mwanamke anayekiweka kwenye mkoba au kibindoni naye ataona tofauti hiyo hiyo. Ninashauri kisizidi gramu 70, na chini ya 50 ni bora zaidi. Kwa kulinganisha, Victorinox Classic, kile kidogo cha Uswisi chenye urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa, kina gramu 22 hivi. Opinel namba 8 ya Ufaransa, yenye bapa la sentimita 8.5 na mpini wa mti, ina gramu 45 hivi. Muuzaji asiyejua uzito wa bidhaa yake mwombeni akiweke kisu kwenye mizani ya viungo ya duka la jirani.

Klipu ya kukining'iniza kisu kwenye ukingo wa mfuko, ambayo kampuni ya visu ya Spyderco ya Marekani iliitoa mwaka 1981 na wengine wakaifuata, ni kitu cha manufaa kwa suruali. Kwa kanzu haina kazi, na kwa shati jepesi huchana kitambaa.

Hatua ya tatu: chuma

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa kuwa ndipo wauzaji wanapotuzungusha.

Chuma huhesabiwa kuwa stenlesi, yaani kisichoshika kutu kirahisi, kikiwa na madini ya kromiamu yasiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu huunda utando mwembamba usioonekana juu ya bapa, na utando huo ndio unaozuia kutu. Lakini kromiamu inayofanya kazi hiyo ni ile iliyobaki huru ndani ya chuma. Mfano mzuri ni chuma cha D2, ambacho kimejaa kwenye visu vya bei ya kati vinavyoletwa kutoka China. Kina kromiamu ya asilimia 12 hivi, kwa hiyo kwenye karatasi kinaonekana salama. Hata hivyo kina pia kaboni ya asilimia 1.5 hivi, na kaboni hiyo huikamata sehemu kubwa ya kromiamu na kufanya nayo chembe ngumu. Chembe hizo hutunza makali kwa muda mrefu, ila utando wa juu unabaki dhaifu. Kisu cha D2 kitamfaa mtu wa Dodoma. Kwa anayevuka kwa boti kutoka Lindi mjini kwenda Kitunda kila asubuhi, madoadoa mekundu yataanzia karibu na skrubu, mahali ambapo jasho la mkono na chumvi hujificha.

Kwa bei ya chini tafuteni chuma kiitwacho 8Cr13MoV cha China au chuma laini cha Victorinox. Vyote huisha makali mapema lakini hunoleka kwa dakika chache juu ya jiwe la kawaida. Mwenye uwezo zaidi atafute 14C28N ya Uswidi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo chaguo la busara kuliko yote kwa pwani yetu: kromiamu asilimia 14, kaboni ya wastani, na nitrojeni kidogo iliyoongezwa makusudi ili kuzuia kutu. Juu ya hapo kuna vyuma viwili vya bei kubwa: LC200N, ambacho karibu hakishiki kutu hata kwenye maji ya bahari, na MagnaCut. Hiki cha pili kilibuniwa na Larrin Thomas wa Marekani kikatoka mwaka 2021, nacho ni kigumu na bado kinaistahimili chumvi vizuri sana. Bei yake inastahili kufikiriwa mara mbili.

Sasa kuhusu sumaku. Utasikia muuzaji akisema: "Angalia, sumaku inashika, hiki si stenlesi," au kinyume chake, akijisifu kwamba chake hakishiki. Kwa kijiko na sufuria maneno hayo yana msingi. Kwa kisu hayana, kwa sababu chuma cha stenlesi kinachoweza kukazwa kwa moto kikapokea makali hushikwa na sumaku kama kawaida. Bapa ambalo sumaku hailishiki kabisa huenda limetengenezwa kwa chuma cha jamii ya vijiko, na makali yake hayatamaliza hata kapu moja la machungwa.

Hatua ya nne: loki

Loki ni kifungio kinacholizuia bapa lililofunguliwa lisijikunje. Kisu kisicho na loki hushikiliwa wazi na springi peke yake. Ni salama kwa kukata kwa kuvuta, lakini ukikichomeka ncha kwenye kitu kigumu au kukisukuma kwa mgongo, hujifunga juu ya vidole vyako. Victorinox nyingi ndogo ziko hivyo, na kwa mtu wa ofisini zinatosha.

Penye loki, aina tatu ndizo utakazokutana nazo zaidi. Ya kwanza ni bamba jembamba lililo ndani ya mpini, ambalo husogea nyuma ya bapa na kulikinga lisirudi. Ya pili ni loki ya mgongoni, unayoibonyeza juu ya mpini ili kukunja. Ya tatu ni pete ya Opinel, iliyoanza mwaka 1955, ambayo huzungushwa kwa vidole shingoni mwa kisu.

Majaribio hufanyika dukani, kabla pesa hazijatoka. Fungua kisu na usikilize: loki nzuri hutoa mlio mmoja mkavu. Shika mpini kwa mkono mmoja na bapa, upande wa mgongo, kwa mkono mwingine, kisha jaribu kulitikisa kulia na kushoto. Mtikisiko mdogo wa pembeni hurekebishwa kwa kukaza skrubu, lakini mtikisiko wa juu na chini ni kasoro ya loki yenyewe, na kisu hicho kirudishwe. Halafu, vidole vikiwa nje kabisa ya njia ya bapa, bonyeza mgongo wa bapa juu ya ukingo wa meza polepole na kwa nguvu inayoongezeka. Usigonge. Kwa loki ya bamba, chungulia pia ni sehemu gani ya kitako cha bapa imeshikwa: bamba lililoishia ukingoni kabisa linaweza kuteleza, na lililokwisha kuvuka hadi upande wa pili ukiwa bado dukani halina maisha marefu. Mwisho, kikunje na ukitazame kutoka juu. Bapa likae katikati bila kugusa upande wowote.

Hatua ya tano: mpini na urahisi wa kusafisha

Plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo ndiyo nyepesi na haijali maji. Alumini ni nzuri lakini huteleza mkono ukiwa na mafuta ya samaki. Mti hupendeza, ila mpini wa Opinel hunyonya unyevu ukavimba, na wakati wa masika bapa huwa gumu kufunguka. Wenye visu hivyo huupaka mpini mafuta ya kitani yaliyochemshwa, hasa ndani ya mfereji wa bapa.

Chagueni mpini ulio wazi mgongoni, unaokuwezesha kuona mwanga ukipita. Kisu kilichozibwa pande zote hukusanya mchanga na nyuzi za gunia, na huko ndani hakuna kitambaa kinachofika.

Rangi chagueni mnayoipenda, ingawa nyeusi hupotea kirahisi kwenye mchanga na majani makavu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Mikindani: Shikamoo mwalimu. Mimi hununua pweza na samaki pale wanapoteremshwa, na hukata kamba za manila mara kwa mara. Kisu kinalowa maji ya bahari kila siku. Nichukue kipi?

Jibu: Marahaba. Wewe ndiye mtu pekee ambaye ningemshauri alipie LC200N bila kusita. Kama kamba ni nyingi kuliko samaki, chukua bapa lenye meno angalau nusu, kwa maana meno hung'ata manila ambako makali laini huteleza; ujue tu kwamba kuyanoa kunahitaji tupa ndogo ya mviringo na subira. Jioni kifungue, kisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kipulize, kiache wazi kikauke. Bawaba itie tone moja la mafuta ya cherehani.

Swali, kutoka Newala: Ndugu mwalimu, nina kisu cha chuma cha kaboni, kile kisicho stenlesi. Nilikatia mabibo, na baada ya muda mfupi bapa likawa jeusi lenye mawimbi ya buluu. Je, kimeharibika?

Jibu: Hakijaharibika. Maji ya bibo yana taneni nyingi, ile kemikali ya mimea inayokausha ulimi, na uchachu, navyo vikikutana na chuma cha kaboni huacha rangi nyeusi iliyotulia, ambayo kwa kiasi fulani hukikinga kisu. Kinachotakiwa kukusumbua ni rangi nyekundu ya udongo inayobaki kidoleni ukiigusa. Iondoe kwa majivu laini na kitambaa chenye maji, kausha, kisha lipake bapa mafuta ya nazi kidogo sana kama unalitumia kwa chakula kila siku. Likikaa muda mrefu bila kutumika, mafuta hayo hunata, kwa hiyo yafute. Bapa lililogusa maganda mabichi ya korosho lioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa tunda lolote, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi na midomo.

Swali, kutoka Lindi mjini: Kaka, naomba kujua jinsi ya kunoa bila kifaa cha kupimia pembe.

Jibu: Pembe ya nyuzi 20 kila upande inakufaa. Kama bapa lako lina upana wa sentimita 2, mgongo uinuke kutoka kwenye jiwe kwa milimita 7 hivi. Lilaze bapa, liinue kiasi hicho, na ulisukume kana kwamba unachanja tabaka jembamba la jiwe, ukianzia kitakoni na kuishia nchani. Endelea upande mmoja hadi usikie kwa kidole, ukikipitisha kutoka mgongoni kuelekea nje, kijiukingo kinachokwaruza upande wa pili, kisha geuza. Jiwe la namba 400, lenye chembe kubwa, kwa makali yaliyokufa, la namba 1000, lililo laini zaidi, kwa kumalizia. Mashine ya fundi wa barabarani usiipelekee kisu cha namna hii, kwani cheche zile ni dalili ya joto, na joto hulegeza ugumu wa makali.

Swali, kutoka Mtwara mjini: Ninasafiri kwa ndege kwenda Dar es Salaam. Kisu kidogo hivi kitanisumbua?

Jibu: Kikiwa mfukoni kitachukuliwa kwenye ukaguzi. Kiweke ndani ya begi linalokabidhiwa kwenye mizigo, kikiwa kimekunjwa na kufungwa kwa kitambaa. Mahakamani, benki na Uwanja wa Nangwanda Sijaona usiende nacho kabisa. Ukiulizwa na askari popote, jibu kwa utulivu ni cha kazi gani, na usikitoe mfukoni kabla hujaambiwa ukitoe.

Swali, kutoka Nachingwea: Mzee wangu anasema kisu cha kukunja ni mapambo, bora kisu kizima chenye ala. Anakosea?

Jibu: Hakosei kwa shambani. Kisu kizima hakina bawaba ya kulegea, kinaoshwa mara moja kikaisha, na kwa bei ile ile utapata chuma kizuri zaidi. Cha kukunja kinakishinda kwa jambo moja tu, kwamba kinaingia mfukoni na kukufuata sokoni, ofisini na safarini bila kumtisha mtu. Mpe salamu zangu.

Swali, kutoka Masasi: Nataka kumpa fundi wa vinyago abadilishe mpini wa kisu changu uwe wa mpingo. Inafaa?

Jibu: Inafaa, kwa kuwa mpingo haunyonyi maji kirahisi. Gharama yake ni uzito: mpingo ni mzito kuliko maji, huzama, kwa hiyo mwambie fundi achonge vipande vyembamba vya milimita 3 kila upande badala ya mpini mnene. Atoboe matundu ya pini kabla ya kuchonga umbo la nje, maana ukitobolewa ukiwa umeshakuwa mwembamba hupasuka. Na wakati wa kupiga msasa afunike pua na mdomo. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.