Iafoni Ikinyamaza Upande Mmoja: Jinsi ya Kutafuta Kosa na Kuitunza

Iafoni nyingi, zile za kusikilizia masikioni, zinazofika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Kondele, Kisumu, huja na maneno yaleyale: "Fundi, upande mmoja umekufa." Mwenyewe ameshaamua kwamba kilichobaki ni kupita steji akanunue nyingine. Lakini mara nyingi upande huo haujafa. Umezibwa na nta ya sikio, au waya umekatika karibu na pini inayochomekwa kwenye simu, au kosa liko kwenye simu na iafoni haina neno. Spika ndogo iliyo ndani ni nadra kuwa ya kwanza kuharibika. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: anza na majaribio yasiyogharimu kitu, na usikate wala kufungua chochote kabla hujajua kosa limekaa wapi.

Hatua ya 1: Hakikisha mkosaji ni nani

Chomeka iafoni kwenye simu nyingine au redio. Upande ukinyamaza huko pia, kosa ni la iafoni. Ukisikika vizuri, achana na iafoni ushughulike na simu.

Kwenye simu, fungua mipangilio uingie sehemu ya ufikivu (Accessibility). Huko kuna mizani ya sauti kati ya kushoto na kulia, na ni rahisi sana kusogezwa bila kujua, hasa mtoto akishika simu. Irudishe katikati. Nimeona watu wakitupa iafoni nzima kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Kwa majaribio, usitumie muziki kwanza. Nyimbo nyingine zilirekodiwa gitaa likiwa upande mmoja na ngoma upande wa pili, kwa hiyo zinaweza kukudanganya. Tumia sauti ya mtu anayesoma habari. Iafoni nzima huleta sauti hiyo katikati ya kichwa chako. Ikivutwa upande mmoja, upande wa pili umedhoofika. Habari hizo zicheze kutoka kwenye faili au intaneti, maana redio ya FM ya simu hutumia waya wa iafoni kama antena, na mkwaruzo unaosikia huenda ni wa mawimbi tu.

Hatua ya 2: Safisha tundu la simu

Nyuzi za mfuko wa jinzi na vumbi huingia kwenye tundu, na kila unapochomeka pini unazishindilia ndani. Mwishowe pini haifiki mwisho. Dalili zake ni pini kuchomoka kwa urahisi, au sauti kurudi ukiizungusha.

Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kwangua nacho polepole pembeni, uelekeze tundu chini ili uchafu udondoke. Usitumie sindano wala pini ya nguo, kwa sababu chuma kinaweza kupinda vile vibanzi vya mguso vilivyo ndani, na hapo kazi ya dakika mbili inageuka kuwa ya kufungua simu.

Hatua ya 3: Nta ya sikio

Vua mipira inayoingia sikioni, utazame wavu mdogo uliopo mdomoni mwa kila upande ukiwa mahali penye mwanga. Upande wenye sauti ndogo mara nyingi utaona wavu wake una rangi ya kahawia na umejaa.

Mipira yenyewe ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uiache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Wavu haufai kuoshwa hivyo. Iache iafoni usiku mzima mahali pakavu ili nta ikauke, kisha asubuhi ushike iafoni mdomo ukiangalia chini, na uisugue kwa mswaki laini mkavu. Kuangalia chini ni muhimu: ukisugua ikiwa imeangalia juu, unayoitoa kwenye wavu unaiingiza kwenye spika. Nta ikikataa, lowesha kidogo ncha ya pamba kwa spiriti, uiguse tu, bado mdomo ukiwa chini. Usidondoshe kitu. Thina iache kabisa, inayeyusha plastiki na gundi inayoshika wavu.

Usipulize kwa mdomo, maana unaongeza unyevu na kusukuma uchafu ndani. Na usichokore kwa sindano, wavu ukitoboka spika haina tena kinga.

Tazama pia tundu dogo mno lililopo kwenye mwili wa iafoni, nje ya wavu. Hilo ni la kupitisha hewa ili kiwambo cha spika kicheze. Likizibwa na nta au na gundi ya plasta, besi hupotea au sauti za pande mbili hupishana.

Tukiwa hapo kwenye besi: kabla hujalalamika kwamba iafoni haina besi, badilisha saizi ya mipira. Besi ya iafoni inayoingia sikioni inategemea kuziba vizuri. Mpira ukiacha upenyo, besi inatoroka hata kama spika ni ya bei kubwa. Masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane, kwa hiyo si ajabu ukahitaji mpira mkubwa kulia na wa wastani kushoto.

Hatua ya 4: Jaribio la kukunja waya

Kama tundu ni safi na wavu ni safi, sasa shuku waya. Cheza ile sauti ya habari, vaa iafoni, kisha kunja waya polepole sehemu moja baada ya nyingine: karibu na pini, pale kwenye kitufe na maiki, pale waya unapogawanyika, na pale unapoingia sikioni. Sauti ikikatika au kurudi, weka alama hapohapo kwa kalamu. Mara nyingi ni karibu na pini, kwa sababu ndipo waya unapokunjwa kila unapoingiza simu mfukoni.

Dalili moja huwachanganya watu sana: muziki unasikika kwa mbali, lakini sauti ya mwimbaji imepotea. Hiyo si spika mbovu. Njia ya kurudi ya umeme, ile tunayoiita ardhi, haijashika, kwa hiyo spika mbili zinafanya kazi kwa mfululizo na unasikia tu tofauti kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji hurekodiwa sawa pande zote mbili, ndiyo maana anafutika. Sasa bonyeza kitufe cha kupokea simu ukishikilie. Mwimbaji akirudi, basi huenda pini na tundu havikubaliani: ama pini haijafika mwisho, ama mpangilio wake ni wa zamani ambapo ardhi na maiki vimebadilishana nafasi. Kipo kiunganishi kidogo kinachozigeuza nafasi hizo. Mwimbaji asiporudi, huenda waya wa ardhi umekatika.

Mwenye mita ya umeme apime sasa. Pini ya kawaida yenye maiki ni ya milimita 3.5 na ina sehemu nne. Kwenye mpangilio unaotumika sana siku hizi, ncha ni kushoto, pete ya kwanza ni kulia, pete ya pili ni ardhi, na sehemu ya mwisho ni maiki. Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, upime kati ya ncha na ardhi, halafu kati ya pete ya kwanza na ardhi. Iafoni nyingi husoma karibu omu 16 au 32, na pande mbili zinapaswa kukaribiana. Ncha za mita zikigusa, utasikia mlio mdogo kwenye spika, ushahidi kwamba ni hai. Mita isiposoma chochote upande mmoja, waya umekatika au koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imeungua. Kunja waya huku ukipima: namba zikirukaruka, ni waya.

Hatua ya 5: Kubadilisha pini

Hii ni kazi ya mtu aliyezoea pasi ya kulehemu. Kama hujawahi, mpelekee fundi ukiwa tayari umeweka alama ya kosa, utakuwa umempunguzia nusu ya kazi.

Kata waya sentimita 2 au 3 kupita alama, upande wa iafoni. Ingiza kwanza kifuniko cha pini mpya na mrija unaosinyaa kwa joto kwenye waya, maana ukishalehemu havipiti tena. Ndani utakuta nyuzi nyembamba kama unywele zilizochanganywa na nyuzi za nailoni. Kwa kawaida nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, na rangi ya shaba ni ardhi. Lakini viwanda havifuati sheria moja, kwa hiyo thibitisha kwa mita kabla ya kuunganisha.

Hapa ndipo wengi hukwama. Nyaya hizo zina rangi juu yake ambayo ndiyo kinga ya umeme, na risasi ya kulehemu haishiki juu ya rangi. Ukiikwangua kwa wembe nyuzi zinakatika. Njia nzuri ni kuweka tone la risasi ya moto na fluksi (dawa inayosaidia risasi kushika) kwenye ncha ya pasi, karibu nyuzi joto 350 hadi 380, na kuichovya ncha ya waya humo kwa sekunde chache hadi rangi iungue na waya ung'ae. Fungua dirisha, moshi huo si wa kuvuta, na nawa mikono ukimaliza ikiwa risasi yako ya kulehemu ina madini ya risasi ndani yake.

Kabla ya kulehemu, chomeka pini kwenye tundu la zamani lililochomolewa kwenye simu mbovu. Litashika sehemu zake zisisogee plastiki ikipata joto. Lehemu haraka, pima tena, sikiliza ile sauti ya habari ikae katikati ya kichwa, ndipo ufunge kifuniko.

Hatua ya 6: Iafoni zisizo na waya

Upande mmoja wa hizi ukinyamaza, kwanza uliza kama ulichaji. Nta na jasho hukaa kwenye vidoti vya kuchajia vya iafoni na vya kasha, na chaji haipiti. Futa pande zote mbili kwa pamba kavu, kisha kwa pamba yenye spiriti kidogo, uache ikauke. Kama bado, futa jina lake kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, rudisha zote mbili kashani, uziunganishe upya.

Sauti inayokatika ukitembea si lazima iwe ubovu. Mwili wa mtu huzuia mawimbi ya Bluetooth. Hamisha simu kutoka mfuko wa nyuma hadi wa kifuani ulinganishe.

Betri zake ni za lithiamu na huchakaa kadiri zinavyochajiwa. Ikivimba, acha kuitumia mara moja. Na usiache kasha kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Jua la mchana la Kisumu ndani ya gari lililofungwa linaua betri mapema kuliko matumizi.

Matunzo ya kila siku

Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na jasho ni la mwaka mzima. Futa iafoni kwa kitambaa kikavu kila ukizivua. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe. Weka kimoja au viwili kwenye kopo lenye kifuniko ulaze iafoni humo usiku, hasa kuanzia Machi hadi Mei. Mchele hausaidii, unaacha vumbi la wanga kwenye wavu. Iafoni iliyolowa usiianike juu ya jiko, na usiichaji hadi ikauke. Alama ya IPX4 inamaanisha inavumilia kurushiwa maji, si kuzama wala kufuliwa ndani ya suruali.

Usizungushie waya kwenye simu. Ukunje kwa miduara mikubwa iliyolegea, na uchomoe kwa kushika pini.

Sauti nayo ipimwe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90 saa hizo zinashuka hadi 4. Ndani ya matatu yenye muziki mkubwa watu huongeza iafoni ili kuushinda, na ndivyo masikio yanavyoumia. Mpira unaoziba vizuri hukata kelele hizo, nawe unaweza kupunguza. Masikio yakivuma ukivua iafoni, sauti ilikuwa kubwa mno. Yakiendelea kuvuma hadi kesho yake, iafoni ziwekwe kando, umwone daktari.