Namna ya Kuifuatilia Historia ya Deutsches Museum Ukiwa Ndani Yake

Anayetaka kuielewa historia ya Deutsches Museum, makumbusho ya sayansi na teknolojia yaliyoko Munich, Ujerumani, aanzie nje, juu ya daraja la mto Isar, kabla hajakata tiketi. Kisiwa atakachokiona kilitolewa na jiji kwa ajili ya mradi wa mhandisi Oskar von Miller, aliyeyaasisi makumbusho haya mwaka 1903. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1906, lakini jengo lilifunguliwa tarehe 7 Mei 1925, siku mwasisi alipotimiza miaka 70, kwa kuwa Vita Vikuu vya Kwanza na mfumuko wa bei uliofuata viliuchelewesha ujenzi.

Ulizia mapema ni kumbi zipi zilizo wazi, maana ukarabati unafanywa kwa awamu, na ya kwanza ilikamilika mwaka 2022. Ukiingia, usikimbilie kusoma vibao. Tafuta kwanza kitufe cha kubonyeza, mkono wa kuzungusha, au mtambo uliokatwa ubavu ili yaliyomo ndani yaonekane, kwa sababu hapo ndipo ilipo fikra ya von Miller: mtu asiyesomea uhandisi aelewe kwa kuona na kwa kugusa. Jumba la nyota nalo lilizaliwa na fikra hiyohiyo. Von Miller alitaka wageni wauone mwendo wa nyota na sayari, akaiomba kampuni ya Zeiss ya Jena itafute njia, na mwaka 1923 ikaonyesha hapa mtambo unaorusha mwanga wa nyota kwenye kuba, asili ya majumba ya namna hiyo yaliyoenea duniani leo. Kwa maoni yangu, jumba hilo linastahili muda mrefu kuliko hata ndege ya ndugu Wright, Wamarekani waanzilishi wa urukaji kwa injini, iliyomo katika makumbusho haya.

Kisha ulizia jengo la maktaba. Novemba 1937, miaka minne baada ya von Miller kujiuzulu, Wanazi walifungua humo maonyesho ya kueneza chuki dhidi ya Wayahudi, na sura hiyo haifai kurukwa kwa sababu tu inaumiza. Mwaka 1944 mabomu yaliharibu sehemu kubwa ya majengo, ndiyo maana mengi unayoyaona yalijengwa upya baada ya vita.

Ukibakiwa na siku ya pili, nenda Schleissheim, kaskazini mwa jiji, ambako tangu 1992 ndege zilizokosa nafasi kisiwani zinaonyeshwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Magari na treni utayakuta Theresienhöhe, ndani ya jiji la Munich, katika kumbi zilizokuwa za maonyesho ya biashara.