Hamu ya kuruka mlo inapokujia

Unapopona ugonjwa wa kula, yaani ule wa kujinyima chakula, usingoje njaa ikuite, maana ishara zake huchelewa kurudi. Fuata saa: milo 3 na vitafunio 2 au 3 kwa siku, bila kukaa zaidi ya saa 3 au 4 katikati.

Andika leo jioni utakachokula kesho, umwonyeshe anayekusaidia. Sahani ikishapakuliwa, mjadala umefungwa. Sauti ya ugonjwa kichwani ikikuambia "punguza chapati moja", chapati hiyo ndiyo dawa yenyewe. Itafune ingawa mkono unatetemeka. Kula na mtu, mpige soga za mambo mengine, kisha mkae pamoja walau nusu saa, kwani hapo ndipo majuto huchoma zaidi.

Tumbo kujaa upesi ni kawaida: lililozoea kunyimwa husukuma chakula polepole. Likande kwa chupa ya maji ya moto. Usifidie kwa kuruka mlo unaofuata. Kujinyima ndiko kunakozidisha mawazo ya chakula.

Umekaa siku kadhaa karibu bila kula? Usianze kula sana peke yako, madini ya damu yanaweza kushuka ghafla. Nenda hospitali kwanza. Vilevile ukizimia au moyo ukidunda ovyo.