SOMO: Kumlea mbwa wa shamba toka mdogo mpaka aanze kazi (sisi wa huku kwenye baridi)

Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe, na wengine wote habari za saa hizi. Mimi niko Isongole hapa Rungwe, nalima viazi na mahindi, nina ng'ombe wa maziwa wawili, mbuzi kama ishirini na mbwa watatu. Nimeamua kuandika hili maana kila nikipita vijijini naona mbwa kafungwa mnyororo mfupi toka asubuhi, mbavu unazihesabu, alafu mwenyewe anakwambia huyu ni wa ulinzi. Ndugu zangu, mbwa mwenye njaa halindi kitu, usiku ukimfungulia anaenda kwa jirani kula mayai au anaungana na wenzake kukimbiza kondoo wa watu, asubuhi unaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mbwa wa shamba anatengenezwa, na anatengenezwa miezi minne ya mwanzo, ukiichezea hiyo utahangaika naye miaka yote.

HATUA YA 1: Jua unamtaka wa kazi gani
Kuna wa kukaa na mbuzi, kuna wa kufukuza nyani na nguruwe pori, kuna wa kulinda nyumba na ghala. Usitake mmoja afanye yote. Wa mbuzi awe mpole asiyependa kukimbiza vitu, wa nyani awe na kelele na miguu myepesi. Kule Namibia toka 1994 wafugaji wanapewa mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, wanakulia ndani ya zizi, duma au chui akisogea wanabweka na kusimama mbele yake anaondoka zake, mfugaji hapati hasara na mnyama hauawi. Watu wakisikia hivyo wanataka lile limbwa kubwa, mimi nasema kinachofanya kazi pale ni malezi, wa kienyeji pia akilelewa hivyohivyo analinda mbuzi vizuri tu.

HATUA YA 2: Kuchagua
Chukua katoto ka wiki 8. Wauzaji wengi wanakupa ka wiki nne wanasema "kanakula ugali tayari", usikubali, kale bado kanafundishwa na mama yake na ndugu zake kuuma kwa kipimo. Alafu omba umwone mama. Akiwa anatetemeka anajificha, au anarukia kila mtu bila sababu, shukuru uondoke.

HATUA YA 3: Alale na mifugo
Hapa ndipo penyewe. Jenga kibanda cha mabanzi ndani ya zizi, kiinue futi moja toka chini, mlango mdogo usiotazama upepo, ndani jaza majani makavu na uyabadilishe yakilowa. Wa Makete na Kitulo mnajua Juni na Julai umande unavyoganda, katoto kakilala kwenye udongo kanapata kikohozi hakamalizi mwezi. Kawe na kona yake ambayo mbuzi hawaingii, maana mbuzi aliyezaa anaweza kukapiga pembe, ila kawaone, kawanuse, kalale kwenye joto lao. Watoto wa nyumbani wasikashike kutwa nzima, kakizoea watu kupita kiasi katawaacha mbuzi kaje kulala mlangoni kwako. Lakini kila siku wewe mwenyewe kaguse, fungua mdomo, shika miguu, vaa kola, ili siku dokta wa mifugo akija asing'atwe.

HATUA YA 4: Chakula
Ugali wa dona na dagaa, au vichwa na miguu ya kuku ukivichemsha na mboga kidogo bila kitunguu alafu ukitoa mifupa yote, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Mdogo mara tatu kwa siku, mkubwa mara mbili, saa zilezile, mahali palepale karibu na zizi. Maji safi muda wote. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vikali inatoboa utumbo. Wenye parachichi hapa Rungwe na Njombe, mbwa wanayapenda sana, kokwa lake likimezwa linaziba utumbo kwa hiyo okoteni yaliyodondoka. Na mkichinja kondoo au mbuzi, maini na mapafu yenye vifuko vya maji msiwarushie mbwa mabichi, ile ni minyoo inayokamilika kwa mbwa alafu inarudi kwa watoto wetu, fukia chini kabisa au choma.

HATUA YA 5: Chanjo, minyoo, kupe
Naomba hapa msome taratibu. Mwaka 2019 nilichukua vitoto viwili bila chanjo, nikasema ntachanja nikiuza viazi. Kwenye wiki ya kumi kimoja kikagoma kula, kikatapika, kikaanza kuhara damu yenye harufu ambayo sijaisahau mpaka leo, siku ya tatu kikafa, cha pili kikafuata wiki hiyohiyo. Ilikuwa pavo, kirusi cha mbwa cha kuhara damu. Mke wangu alilia na mimi sikulala, maana ilikuwa uzembe wangu. Chanjo yake inaanza wiki ya 6 mpaka 8, inarudiwa kila baada ya wiki tatu nne mpaka wiki ya 16. Na kirusi kinakaa kwenye udongo hata mwaka, hivyo mbwa akikufia usilete kadogo kengine hapohapo, osha sakafu kwa klorini na katakakokuja kawe kamemaliza chanjo.

Ya kichaa cha mbwa anapigwa akifika miezi mitatu alafu kila mwaka, tunza kadi. Shirika la Afya Duniani linasema wakichanjwa mbwa 70 kwenye kila 100 ugonjwa unakatika, kwa hiyo afisa mifugo wa kata akitangaza chanjo mpeleke na mwambie jirani ampeleke wake. Dawa ya minyoo, kila wiki mbili toka wiki ya pili mpaka ya 12, baadaye kila miezi mitatu. Kupe watafute kila jioni, masikioni na katikati ya vidole, ukiona mkojo wa rangi ya kahawa na ufizi umepauka au umekuwa wa njano usisubiri kesho.

HATUA YA 6: Miezi 6 mpaka 18, kipindi cha utundu
Wengi wanawakatia tamaa hapa. Atakimbiza mbuzi, atavuta masikio ya vitoto vya mbuzi, anacheza tu ila anaweza kuua. Mfunge kamba ndefu ya mita tano hivi inayoburuta, akianza unaikanyaga, unasema "acha" kwa sauti nzito, akitulia unampa kipande cha dagaa. Fimbo inamfundisha kukuogopa wewe, mbuzi atawafukuza ukiwa haupo. Usimwache peke yake na mbuzi waliozaa mpaka avuke mwaka na nusu.

HATUA YA 7: Shambani
Mbwa wa nyani wawe wawili na mtu awepo, dume la nyani lina meno marefu kuliko ya mbwa na likimbana mmoja linamchana. Wafundishe kurudi kwa mluzi na kuishia mpakani mwa shamba. Sisi tuliopakana na msitu wa Rungwe tuna kipunji humo, tumbili ambaye watafiti walimtambua 2003 na kumtangaza 2005, wazee walikuwa wanamjua siku zote, na duniani anapatikana Tanzania tu. Mbwa asiingie kule kuwinda, atoe kelele kwenye mahindi arudi.

Karibuni maswali.

SWALI (mdau wa Mafinga): Mkuu somo zuri, wangu anakula kuku, nimeambiwa nimfunge kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze ataacha. Kweli?
JIBU: Hapana kaka, hiyo inamtesa na kumletea vidonda na funza tu. Mbwa haunganishi adhabu na kitu alichofanya saa moja iliyopita. Mrudishe kwenye kamba, mpitishe katikati ya kuku kila siku dakika kumi, akiwatazama bila kuruka mpe chakula. Na angalia anashiba kweli? Mayai yaokote mapema kabla hajayaona.

SWALI (mama wa Njombe mjini): Samahani naomba msaada, mwanangu kang'atwa mguuni na mbwa wa jirani jana jioni, jirani anasema mbwa kachanjwa, nimempaka mafuta ya taa. Nisubiri?
JIBU: Dada yangu usisubiri, ondoka sasa hivi. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima hata kama imepita siku, alafu nenda hospitali mwambie daktari ni mbwa, wataamua sindano. Kadi nenda nayo lakini isikuzuie kwenda. Mbwa asiuawe, afungwe aangaliwe siku 10, akibadilika au akifa mjulishe dokta wa mifugo na hospitali hapohapo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu hatuna tiba, ndo maana nakusisitiza. Utujulishe ukifika.

SWALI (mdau wa Mbozi): Mbwa ana ukurutu, nina ile sindano ya minyoo ya ng'ombe imebaki, nimchome kiasi gani?
JIBU: Usimchome. Ile imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mamia, tone la ziada kwa mbwa linaweza kumpofusha au kumuua, na kuna mbwa wa damu ya koli (wale wa kizungu wa kuchunga kondoo) hawaivumilii kabisa. Dokta akwangue ngozi aangalie ni nini kwanza.

SWALI (kijana wa Uyole): Vipi kuhusu pilipili na bangi kwenye chakula ili awe mkali?
JIBU: Mdogo wangu, pilipili inamuunguza tumbo na bangi inamfanya asijue nani ni nani, siku moja atamgeukia mama yako. Ukali wa mbwa wa ulinzi ni kujua mipaka yake. Mzungushe mpaka wa shamba kila asubuhi na jioni umemshika kamba, njia ileile, miezi miwili mitatu, alafu utaona mwenyewe anapobweka na anaponyamaza.

SWALI (mama wa Njombe mjini): Nimefika, kapigwa sindano ya kwanza, tumepewa tarehe za kurudi. Ndaga sana kaka.
JIBU: Asante Mungu. Hizo tarehe usiruke hata moja, hata kidonda kikipona.