Kadi ya NCPWD, pesa ya Inua Jamii na msamaha wa ushuru: usichanganye hizi vitu

Watu wengi Kenya wakishapata kadi ya ulemavu ya NCPWD (baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu) wanakaa wakingoja simu ilie, ati elfu mbili za serikali zinaingia. Haziingii hivyo. Kadi ni usajili tu, inaonyesha serikali inakutambua, lakini pesa ya Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwatumia pesa wasiojiweza, ina mlango wake na msamaha wa ushuru una wake, na hakuna ofisi itakayokusukuma kutoka mlango mmoja hadi mwingine, lazima ubishe mwenyewe.

Ila bila kadi hufiki mbali, kwa hivyo anza hapo. Nenda hospitali ya serikali iliyo na madaktari wa kupima ulemavu (uliza kwanza wanakaa siku gani, si kila siku), ubebe kitambulisho, ama cheti cha kuzaliwa kama ni mtoto, na makaratasi yote ya zamani ya matibabu. Na hapa ndipo watu huharibu. Mtu anafika kwa daktari amevaa vizuri, akiulizwa anaendeleaje anajibu "niko sawa tu daktari", na daktari anaandika hivyo hivyo. Wee, hapo si kanisani! Sema kama unaogeshwa, kama vifungo vya shati unafungiwa, kama huwezi kupanda matatu bila mtu, manake hiyo fomu ndiyo itasomwa kila mahali utakapoenda baadaye. Kabla hujatoka angalia sahihi, muhuri na jina: kitambulisho kikisema Achieng na fomu iseme Acheng, utarudishwa. Usajili wenyewe unafanyika kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na kama mtandao unakusumbua kuna maafisa wa NCPWD kwenye kaunti.

Sasa Inua Jamii. Kwa upande wa ulemavu, hii ni ya wenye ulemavu mkali, yule anayehitaji mtu wa kumwangalia wakati wote, na inaangalia pia hali ya nyumba, so ukiwa na kadi lakini unajitegemea kikazi usiitarajie. Ni 2,000 kwa mwezi, wakati mwingine wanalipa miezi miwili pamoja kwa hivyo unaona 4,000, na ikichelewa inachelewa kweli. Majina hupitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii wakati uandikishaji umefunguliwa, kwa hivyo baraza ya chifu usiikose. Pesa kwa kawaida inachukuliwa na mlezi kwa niaba ya mwenye ulemavu, basi chagueni mlezi anayeishi hapo nyumbani, si yule mjomba wa Nairobi kwa sababu ati ndiye amesoma. Mlezi akihama ama akifariki ripotini haraka, la sivyo pesa inakwama. Na mtu akikuitisha "kitu kidogo" ndio asukume jina, ama aulize namba yako ya siri, huyo ni mwizi.

Kwa wenye kazi ama biashara, utamu uko kwa KRA, mamlaka ya ushuru. Ukipata cheti cha msamaha, mapato ya hadi 150,000 kwa mwezi hayakatwi ushuru wa mapato, ukipata 180,000 unakatwa kwa ile 30,000 iliyozidi. Utahitaji PIN ya KRA, kadi, ripoti ya hospitali, na kama umeajiriwa, barua ya mwajiri inayoeleza ulemavu unavyoathiri kazi yako. Cheti kikitoka peleka nakala kwa ofisi ya mishahara halafu angalia slipu ya mwezi unaofuata, PAYE (ushuru wa mapato unaokatwa kwa mshahara) inafaa kuwa sufuri kama hupiti 150,000. Makato ya SHA (bima ya afya), NSSF (akiba ya uzeeni) na ya nyumba yatabaki, usiende kupigana na mhasibu wa watu bure. Ritani bado unajaza kila mwaka, na cheti kina tarehe ya kuisha, kwa hivyo anza kuomba kingine miezi kadhaa kabla, kwa sababu kikiisha mshahara unarudi kukatwa kama wa kila mtu.