Kabla ya kununua simu mpya, chunguza betri
Ndugu zangu wa Bukavu, simu inayozimika ghafla huku bado inaonyesha asilimia 30 mara nyingi haijafika mwisho wake; ni betri tu iliyochoka, kwa kuwa betri ya lithiamu hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi, na fundi wa pale Kadutu anaweza kuibadilisha kwa sehemu ndogo tu ya bei ya simu mpya. Yangu niliibadilishia betri mwaka jana, na sasa inavuka usiku mzima bila umeme. Betri ikivimba hadi kifuniko kikainuka, tafadhali usiichaji tena. Wakati wa kununua ni pale simu inapoacha kupokea masasisho ya usalama, au WhatsApp inapoikataa, kama ilivyotokea kwa iPhone 5s na iPhone 6 mwaka 2025.